Saa ya Kwanza na Siku ya Tatu

Hospitali za uzazi za Mombasa zina mambo mawili ya kufanya juu ya unyonyeshaji, na hakuna hata moja linalongoja jengo jipya. La kwanza, mtoto aliyezaliwa salama alazwe kifuani mwa mama yake papo hapo, ngozi kwa ngozi, na asiondolewe mpaka anyonye. La pili, mama akisharudi nyumbani, hospitali imtafute siku ya tatu. Mengi tutakayoyasema hapa yanatoka ndani ya hayo mawili.

Tunaandika tukiwa Ndia Kuu, katika Mji wa Kale wa Mombasa. Nyumba za hapa ni za ghorofa, ngazi zake nyembamba na zimesimama wima, na juu ya kila duka kuna familia. Vizazi viwili vitatu nyuma, watoto wa mtaa huu walizaliwa ndani ya vyumba hivi hivi, mikononi mwa mkunga aliyejulikana na kila mtu. Baadaye wazazi wakaanza kwenda Lady Grigg, wodi ya uzazi ya Hospitali Kuu ya Pwani, iliyobeba jina la mke wa Edward Grigg, gavana wa Kenya tangu 1925 hadi 1930. Siku hizi anayezalia nyumbani ni nadra. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta kwamba katika kila watoto 100 wa Kenya, 82 walizaliwa kwenye vituo vya afya. Katika utafiti wa 2008-09 walikuwa 43. Hapo katikati, Juni 2013, serikali ilifuta ada ya kujifungua katika hospitali za umma, na wodi zikajaa.

Hayo ni maendeleo makubwa na yameokoa roho za watu. Lakini hospitali ilipochukua uzazi, iliichukua na ile saa ya kwanza. Zamani mtoto hakuwa na pa kupelekwa; alizaliwa chumbani na akabaki chumbani, ubavuni mwa mama yake. Leo kuna meza ya kumpangusia, mizani, daftari la kujazwa, blanketi la kumfungia, na mara nyingi kuna haraka ya kumwachia kitanda mzazi mwingine anayelia uchungu mlangoni. Kila moja kati ya hayo huchukua dakika chache. Yakijumlishwa, saa imekwisha, na mtoto amelala.

Hilo la kulala ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Mtoto aliyetoka tu tumboni huwa macho, tena macho makavu, kwa muda wa saa moja hivi au zaidi kidogo. Mlaze uchi juu ya kifua cha mama yake, umfunike mgongo kwa kanga kavu, kisha umwache. Kwanza atatulia. Kisha ataanza kutoa ulimi, kulamba mkono wake, kusukuma kwa miguu, kugeuza kichwa huku na huku. Akiachwa bila kusukumwa, wengi hulifikia ziwa wenyewe. Hakuna aliyewafunza. Baada ya muda huo huingia usingizi mzito, na anayejaribu kumnyonyesha mtoto aliyelala hivyo atahangaika bure. Mama ataambiwa mtoto wake ni mvivu wa kunyonya, naye ataamini.

Mwili wa mama nao unafanya kazi saa hiyo. Mtoto anaponyonya, homoni ya oksitosini huachiliwa. Ndiyo inayosukuma maziwa na ndiyo inayokaza mfuko wa uzazi ili damu ipungue. Kwa nchi ambayo wazazi wanaendelea kufa kwa kuvuja damu, hiyo peke yake ingetosha kuwa sababu. Maziwa yenyewe ya siku hizo za mwanzo, dang'a, ni machache, mazito na ya njano. Yamejaa kinga. Mtoto wa siku ya kwanza hahitaji zaidi ya kijiko kidogo kwa mkupuo mmoja, na hicho mama anacho.

Takwimu zipo, tena za karibu nasi. Mwaka 2006 watafiti waliofuatilia watoto wapatao 11,000 wa vijijini Ghana walikadiria kwamba vifo 22 katika kila 100 vya watoto wachanga vingeweza kuzuiwa lau kila mtoto angeanza kunyonya ndani ya saa ya kwanza. Miaka kumi baadaye zikaunganishwa data za watoto karibu laki moja wa Ghana, India na Tanzania. Walioanza kunyonya kati ya saa ya pili na ya 23 tangu kuzaliwa walikuwa katika hatari ya kufa kabla ya siku 28 kwa asilimia 41 zaidi ya wale walioanza ndani ya saa moja. Waliochelewa kupita siku nzima walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Hatusemi kuchelewa ndiko kulikoua kila mmoja wao. Tunasema tofauti ya namna hiyo, kwa jambo lisilogharimu hata shilingi, haiachiwi bahati.

Kwa hivyo tunawaambia wakuu wa wodi: mizani ingoje. Sindano ya vitamini K ingoje, na dawa ya macho ingoje. Hakuna kati ya hizo inayoharibika kwa kucheleweshwa saa moja, na nyingine zinaweza kufanywa mtoto akiwa hapo hapo kifuani. Hata adhana. Baba au babu akiruhusiwa kuingia, haina haja mtoto avishwe na kutolewa nje kwanza. Ainame tu kando ya mama na aadhini sikioni. Muuguzi anaweza kumkagua mtoto kwa macho na kwa mkono bila kumwinua. Mtoto aliyezaliwa hapumui, au mama anayevuja damu, hao ni habari nyingine, na kila mkunga wa hospitali anajua pa kukimbilia. Sisi tunazungumzia wale wengi waliozaliwa salama, wanaotenganishwa na mama zao kwa mazoea tu.

Thieta nako kuna mazoea yake. Mzazi aliyepasuliwa kwa dawa ya ganzi ya mgongo yuko macho. Anasikia, anazungumza, mikono yake ni mizima. Mtoto wake anaweza kulazwa kifuani, upande wa juu, huku daktari akiendelea kushona. Panahitajika muuguzi mmoja wa kumshika asiteleze, na mfanyakazi wa dawa ya usingizi aliyekubali kusogeza nyaya zake kidogo. Wanaotibiwa kwa dawa ya usingizi kamili ni lazima wangoje waamke. Mtoto wao asingoje peke yake kwenye kitanda cha chuma: kifua cha baba kina joto, na cha bibi vile vile. Mama akiamka, apewe mwanawe akiwa amelala ubavu, au mtoto apitishwe chini ya kwapa asigonge mshono. Tunayataja haya kinaganaga kwa sababu mzazi wa operesheni ndiye anayekuja nyumbani na kopo la maziwa ya unga mara nyingi zaidi, na huja nalo akiwa na yakini kwamba operesheni imemkausha. Haikumkausha. Ilimchelewesha, na hospitali haikumsaidia kufidia.

Sasa tumzungumzie bibi. Vipeperushi vingi vya hospitali humtaja kama kikwazo, na sisi hatukubali. Katika Mji wa Kale, mzazi hukaa siku arubaini mikononi mwa wanawake wa nyumba. Bibi, mavyaa, khalati, na jirani anayejua kukanda ndio wanaomkanda kwa maji ya moto, wanaomfunga mkaja, wanaompikia uji wa pilipili manga na supu, wanaomlaza yeye na kumbeba mtoto. Ni hospitali gani yenye huduma ya siku arubaini? Mama anayelishwa, anayepumzishwa na asiyefikiria kwenda sokoni amepata kile ambacho mwenzake wa mji mwingine anakililia.

Bibi huyu huyu ndiye pia atakayesema siku ya kwanza, "Mwanangu, ziwa hili halijaingia kitu, mtoto atakufa na njaa," kisha akachovya kidole katika maji ya sukari. Au katika asali. Au akasema yale ya njano ni machafu, yakamuliwe yamwagwe. Anasema hivyo kwa mapenzi, na kwa sababu hakuna aliyemkalisha akamweleza. Wanaosema naye hospitalini humkemea kwenye saa ya kuwatazama wagonjwa, mbele ya watu, naye ni mtu mzima aliyelea watoto na wajukuu. Akikemewa hunyamaza. Halafu hungoja muuguzi apite.

Hospitali imwite kabla. Kliniki ya wajawazito imwambie mama wa miezi saba, "Safari ijayo, njoo na yule atakayekulea." Bibi apewe kiti, aulizwe yeye alinyonyesha vipi, aonyeshwe rangi ya dang'a na aambiwe kazi yake, aambiwe tumbo la mtoto lina ukubwa gani. Anapaswa kusikia wazi wazi kwamba asali ni hatari kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vya sumu ambavyo utumbo mchanga hauwezi kuvizuia. Bibi aliyeelewa ni mlinzi wa saa 24 asiyelipwa mshahara. Akishika neno, hakuna shangazi atakayemwingia mtoto na kijiko.

Ipo pia tahniki. Familia nyingi za Kiislamu humpaka mtoto tende iliyolainishwa kwenye kaakaa, kwa kufuata Sunna. Wodi inayosema "hapana" na kugeuka haikukomesha tahniki; imeifanya ifanywe kwa siri, pengine kwa mikono isiyooshwa. Afadhali yasemwe maneno ya watu wazima. Mtoto anyonye kwanza. Mikono ioshwe kwa sabuni. Tende ipondwe kwa kijiko safi, isitafunwe na mtu mwenye kikohozi au kidonda cha mdomo. Kinachopakwa kiwe alama tu, na baada ya hapo ni ziwa peke yake. Wapo maimamu wa kulisema hilo vizuri kuliko sisi, na misikiti kutoka hapa tulipo ni mwendo wa hatua. Hospitali ipige hodi.

Baada ya mtoto kufika kifuani, lipo la kumshikisha ziwa sawasawa, na hapa ndipo wazazi wengi wa mara ya kwanza wanapoachwa. Kuambiwa "mnyonyeshe mtoto" si kufundishwa. Muuguzi aketi. Atazame mdomo: umefunguka wazi au umebana chuchu tu? Kidevu kimegusa ziwa? Mdomo wa chini umepinduka nje? Ule weusi unaozunguka chuchu unaonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini? Mama anasikia uchungu unaoendelea? Kama anasikia, mtoto atolewe kwa kutiwa kidole safi pembeni mwa mdomo, kisha aanze tena. Kazi hiyo ni ya dakika kumi. Chuchu iliyopasuka siku ya kwanza kwa kukosa dakika hizo kumi huchukua wiki kupona, na wengi hawaifikishi hiyo wiki. Kabla ya kutoka wodini kila mzazi ajue pia kukamua kwa mkono: kidole gumba juu, vingine chini, nyuma ya ule weusi, kubana kuelekea kifuani na kuachia. Asimwonyeshe muuguzi kwamba amesikia. Amwonyeshe matone kwenye kikombe.

Usiku mtoto alale kando ya mama. Wodi ambazo bado zinawaweka watoto wazima katika chumba chao na kuwaleta kwa zamu ziache. Mtoto hulia akiwa amekwisha kucheleweshwa. Kabla ya hapo hutafuta, hufungua mdomo, hula vidole, na anayeziona dalili hizo ni aliyelala naye.

Hakuna kati ya haya lililobuniwa juzi. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa hatua kumi za kufanikisha unyonyeshaji mwaka 1989, wakaanzisha mpango wa hospitali rafiki kwa watoto mwaka 1991, na hatua hizo zikapitiwa upya 2018. Hospitali za Kenya zilikuwa miongoni mwa zilizoitikia. Kilichofuata kila mtu aliyewahi kufanya kazi ya umma anakijua: mafunzo hufanywa, cheti hutundikwa ukutani, waliofunzwa huhamishwa, cheti hubaki. Hatua kumi hizo zinahitaji mtu wa kuziamsha kila zamu inapobadilishana.

Na maziwa ya kopo? Yana mahali pake: kwa yatima, kwa mtoto ambaye daktari amethibitisha hawezi maziwa ya mama, kwa mama aliye katika dawa zisizoruhusu. Tunachopinga ni kuuziwa mzazi hofu. Vita hivyo navyo vina mizizi Afrika Mashariki. Profesa Derrick Jelliffe, aliyefundisha tiba ya watoto Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikuwa miongoni mwa madaktari waliopaza sauti kuliko wengine wote kwamba biashara ya maziwa ya unga inawadhoofisha watoto wa nchi maskini. Mei 1981 Baraza la Afya Duniani lilipitisha kanuni za kuidhibiti biashara hiyo kwa kura 118. Aliyepinga alikuwa mmoja tu, Marekani. Kenya ilikaa miaka 31 ndipo ikatunga sheria yake, mwaka 2012. Sheria hiyo inakataza kutangaza maziwa ya watoto wachanga, inakataza sampuli za bure, inakataza zawadi kwa wahudumu wa afya. Isomwe kwa sauti katika kila mkutano wa wafanyakazi wa wodi. Karatasi inayoandikwa jina la kopo na kupenyezwa mkononi mwa mzazi anayetoka ni tangazo, hata kama haina picha.

Lipo jambo la pili lililovuruga, na tuliseme kwa adabu. Miaka ya mwanzo ya 2000 mama wengi wenye virusi vya UKIMWI waliambiwa wasinyonyeshe. Sasa mwongozo ni tofauti: tangu 2010 ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba mama anayetumia dawa zake anyonyeshe, na katika miezi sita ya mwanzo asichanganye na kitu chochote. Lakini neno la zamani bado linatembea vichochoroni, na mama anayepewa kopo huogopa kutazamwa, huku anayenyonyesha naye akiogopa. Mshauri wa wodi alizungumze hilo faraghani, na kila mama, si na waliochaguliwa tu.

Watoto njiti wanahitaji maelezo yao. Mtoto asiyeweza kunyonya anaweza kumeza, na asiyeweza kumeza anaweza kupitishiwa maziwa kwa mrija. Kwa hiyo mama wa mtoto njiti aanze kukamua siku hiyo hiyo, ndani ya saa chache, na aendelee kila baada ya saa mbili tatu, usiku pia. Mtoto abebwe kifuani kwa namna ya kangaruu, kama madaktari wa Bogotá, Kolombia, walivyoanza kufanya mwishoni mwa miaka ya 1970 vitanda vya joto vilipowaishia. Nairobi, Hospitali ya Pumwani ilifungua mwaka 2019 benki ya kwanza ya maziwa ya mama nchini. Ni kazi njema. Lakini asije mtu akaipakia kwenye lori na kuishusha Mombasa bila kuuliza. Kwa Mwislamu, mtoto aliyenyonya kwa mwanamke asiye mama yake huwa ndugu wa ziwa wa watoto wa mwanamke huyo, na ndugu hawaoani. Mwaka 1985, mjini Jeddah, Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu lilikataa benki za maziwa kwa sababu hiyo. Wapo wanazuoni wenye rai nyingine. Mazungumzo hayo yafanywe na Kadhi, madaktari na wazazi wenyewe, na yakifika kwenye daftari la wazi la nani amempa nani, huenda njia ikapatikana. Kwa sasa, benki ya mtoto njiti wa Mji wa Kale ni mama yake, na hospitali inayompa kiti kando ya wodi ya watoto wachanga, maji ya kunywa na kikombe kisafi imefanya sehemu kubwa ya kazi.

Tuje kwenye siku ya tatu.

Mzazi aliyejifungua kawaida hukaa hospitalini siku moja hivi kisha hupewa ruhusa. Vitanda vinatakiwa. Tuktuk humshusha barabarani, naye hupanda zile ngazi taratibu. Siku hiyo nyumba ni furaha. Kesho yake pia. Siku ya tatu, wakati mwingine ya nne, maziwa hujaa yote kwa pamoja. Ziwa hugeuka gumu na la moto, chuchu hulala bapa, mtoto hujaribu kushika, huteleza, hulia. Chumba kina joto, feni inazungusha hewa ile ile. Mama ana homa ndogo, hajalala, machozi yanamtoka bila sababu anayoijua. Wageni wako sebuleni. Bibi anaona mjukuu analia na binti analia. Duka liko chini ya ngazi.

Kopo la kwanza hununuliwa saa hiyo. Hununuliwa na watu wema.

Na utazame ratiba ya hospitali. Mama hukaguliwa ndani ya saa 48, kisha hutarajiwa kliniki baada ya wiki moja au mbili, kisha wiki ya nne hadi ya sita. Siku ya tatu iko katikati ya pengo. Anapokuja kliniki mtoto amekwisha zoea chupa, ziwa limepungua kwa kutonyonywa, na muuguzi anaandika kwenye kijitabu kwamba mama "hana maziwa".

Utafiti wa kitaifa unaonyesha tulipokwama. Watoto wa chini ya miezi sita waliokuwa wakinyonya tu, bila kingine, walikuwa asilimia 13 mwaka 2003, wakafika 32 mwaka 2008-09, wakaruka hadi 61 mwaka 2014. Nchi ilistahili kujipongeza. Mwaka 2022 walikuwa 60. Miaka minane bila hatua mbele. Hatuamini kwamba mama wa 2022 hawakusikia redio. Kila mama wa mji huu anajua kuwa ziwa ni bora. Wanajua, wanataka, na wanaanguka kwa kukosa mtu wa kuwashika mkono wiki ya kwanza.

Anayehitajika siku ya tatu anaweza kumaliza shida kwa nusu saa. Kitambaa cha maji ya uvuguvugu, kukamua kidogo mpaka ule weusi ulainike, kumshikisha mtoto upya, kisha kitambaa baridi baada ya kunyonyesha. Kumwambia mama kwamba hii itapita kesho kutwa. Kuhesabu nepi: ikifika siku ya tano au ya sita mtoto anayelowesha nepi sita kwa siku anashiba, hata akilia. Na kujua lini si mambo ya nusu saa: mtoto aliyelegea asiyeamka kunyonya, aliyegeuka manjano mpaka miguuni, aliyekauka mkojo, au mama mwenye homa kali na ziwa jekundu upande mmoja. Hao warudi hospitali saa hiyo hiyo, si kesho asubuhi.

Nani aende? Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchi nzima, kila mmoja na mkoba wake na nyumba zake za kuzuru. Wadi ya Mji wa Kale na Makadara inao. Wanajua ngazi zipi zina kufuli na bibi yupi anataka kuamkiwa kwanza. Kinachokosekana ni habari: hospitali haimwambii mhudumu wa mtaa kwamba fulani amejifungua jana. Ujumbe mmoja wa simu, kwa idhini ya mama, siku anayopewa ruhusa, ungetosha kuunganisha wawili hao. Pale ambapo mhudumu hafiki, muuguzi apige simu. Nambari ya wodi iandikwe kwenye kijitabu cha mama na mtoto, na simu hiyo ipokewe. Hospitali za binafsi za kisiwani, ambazo huwatoza wazazi wao fedha nyingi, hazina udhuru kabisa wa kukosa mtu wa kupiga simu.

Wauguzi watatuambia kwamba ni wachache, na ni kweli. Zamu ya usiku, muuguzi mmoja akiwa na wazazi watatu wanaosukuma kwa wakati mmoja, huyo hatuwezi kumlaumu kwa mtoto asiyenyonya. Kaunti iajiri. Tangu 2013 afya iko mikononi mwa kaunti, na tumeshuhudia mgomo baada ya mgomo. Lakini hata kabla ya ajira, mruhusuni mzazi aingie leba na mwanamke mmoja anayemwamini. Dada yake, somo wake, mama yake. Huyo atamshika mkono wakati wa uchungu, na mtoto akitoka atashikilia kanga mgongoni mwake wakati muuguzi akimkimbilia mzazi wa kitanda cha pili. Pazia kati ya vitanda linatosha kuhifadhi sitara ya wengine. Pazia ni bei ya vitambaa vya Barabara ya Biashara.

Wako pia mama wanaorudi kazini. Sheria ya Ajira ya 2007 inawapa miezi mitatu yenye mshahara, na Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri awe na chumba cha kunyonyeshea. Tutayarudia hayo siku nyingine kwa urefu wake. Leo tunataka tu hospitali zianze na wafanyakazi wao wenyewe: muuguzi anayekamua maziwa chooni hawezi kumfunza mtu mwingine kwa moyo mmoja.

Tunadai hesabu mbili. Katika watoto waliozaliwa mwezi huu, wangapi walinyonya ndani ya saa ya kwanza bila kuondolewa kifuani, wa kawaida na wa operesheni kila mmoja kwa safu yake? Na katika mama waliopewa ruhusa, wangapi walitembelewa au kupigiwa simu siku ya tatu? Kamati ya afya ya Bunge la Kaunti ya Mombasa iziitishe hesabu hizo kila baada ya miezi mitatu, hospitali za umma na za binafsi pamoja. Kisha zibandikwe kwa Kiswahili kwenye mlango wa kila wodi ya uzazi, mahali ambapo mjamzito na mavyaa wake wanaweza kuzisoma kabla hawajaamua watakwenda kuzalia wapi.